Msamaha Uliopotea Njia

Yuditha aliiona pikapu ya Harshil imeegeshwa chini ya migomba ya baba yake, akasahau kushuka. Mwenye bodaboda aliyempandisha kutoka Kwa Sadala alimuuliza kama ndipo hapa au wamepitiliza. Akamwambia ndipo, akamlipa, akabaki amesimama na mfuko wake wa sukari mkononi, akiitazama pikapu ile nyeupe kama mtu aliyemkuta nyoka jikoni.

Siku kumi na moja hakuwa amepokea simu ya mwanaume huyo. Siku kumi na moja alilala na hasira na kuamka nayo, akaenda nayo shuleni alikokuwa anafundisha hesabu darasa la tano, akarudi nayo jioni chumbani kwake Njoro. Jumamosi hii alipanda Masama kwa sababu moja tu. Nyumbani kwao, alidhani, ndipo mahali pekee ambapo Harshil mwana wa Mahendra asingethubutu kutia mguu. Mwaka jana, alipoambiwa binti yake ana Mhindi mjini, Mzee Gidioni aliapa mbele ya wazee wa usharika kwamba Mhindi atakayekanyaga kihamba chake, shamba la ukoo, atarudi amebeba viatu mkononi.

Sasa Mhindi mwenyewe alikuwa amekaa barazani, na viatu vyake vyote viwili miguuni, anakula kiburu.

Walikuwa watatu. Mzee Gidioni kwenye kiti chake cha mninga, kilichozoea umbo la mgongo wake. Pembeni yake Filemon, mtunza stoo wa duka la vipuri la baba yake Harshil, mtu wa Kibosho, ameshika kibuyu cha mbege, pombe ya ndizi, na amevaa koti la harusini. Na Harshil, ndizi na maharage mapajani, ndevu za wiki nzima, macho yamezama. Alikuwa amekonda. Yuditha aliliona hilo mara moja na akajichukia kwa kuliona.

"Karibu mwanangu," alisema Mzee Gidioni, kwa sauti ya furaha ambayo haikuwa imesikika kwenye baraza ile tangu ng'ombe wao alipozaa mapacha.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Salimia wageni."

"Shikamoo Mzee Filemon."

"Marahaba mama. Umerudi salama?"

Harshil alikuwa ameshasimama, sahani mkononi, anangoja zamu yake ya kusalimiwa. Haikufika. Yuditha alikuwa ameona kitu kilicholazwa katikati ya meza, juu ya kitambaa cha kufuma cha mama yake. Jani refu la kijani, limefungwa fundo.

Asiyezaliwa mlimani atasema ni jani tu. Lakini Mchagga akiletewa isale lenye fundo, ameombwa msamaha, na hana tena ruhusa ya kukataa. Watu waliochomeana nyumba wamepatana kwa jani hilo. Ndugu waliogombea mpaka wa shamba kwa miaka ishirini wamekula sahani moja kwa jani hilo. Anayelikataa anajitafutia laana mwenyewe, na majirani hawatamwonea huruma.

"Nani kaleta hili?"

"Kijana kaleta," alisema Mzee Gidioni. "Kwa mkono wake, na msemaji wake, asubuhi na mapema, kama inavyotakiwa. Hata sisi vijana wetu siku hizi hawalijui hili. Wanatuma meseji."

"Na wewe ukalipokea."

"Ulitaka nifanyeje? Isale halikataliwi. Babu yako alipokea la mtu aliyemuua ndugu yake. Mimi nikatae la kijana aliyekosea mambo ya mpira?"

"Mambo ya mpira," Yuditha alirudia polepole.

Akaweka sukari chini. Damu ilikuwa inampanda, na alikuwa hataki kumvunjia baba yake heshima mbele ya mgeni, na hayo mawili hayakai chungu kimoja.

Mambo ya mpira yalikuwa hivi. Miaka mitatu iliyopita Yuditha alikusanya mabinti wa mtaa wa Pasua waliokuwa hawana pa kwenda jioni, waliokatishwa shule, wanaofanya kazi za ndani, wanaouza mboga na shangazi zao, akaanzisha nao timu. Uwanja ulikuwa jalala. Walizoa taka wiki sita kwa mikono yao, na wanaume wa mtaa wakiwacheka kutoka vijiweni. Alienda nyumba kwa nyumba kuwaombea ruhusa kwa matajiri wao: saa mbili tu mama, Jumamosi tu, atarudi kuosha vyombo. Alienda duka la vipuri kuomba matairi mabovu ya mazoezi, na mtoto wa mwenye duka akayaleta mwenyewe uwanjani, akabaki kutazama, kesho yake akaja na mipira miwili, na baadaye hakuhitaji tena kisingizio. Pasua Queens wakaanza kushinda. Wanaume wa vijiweni wakaanza kuja kushangilia, na kuwaita wale mabinti kwa majina yao.

Mlinda lango wao alikuwa Loveness, miaka kumi na sita, anaishi na shangazi yake mwenye genge la nyanya na dagaa. Mtaa mzima ulijua mama yake Loveness yuko Oman, anafanya kazi, atarudi. Ndivyo Loveness alivyosema na ndivyo ilivyojulikana.

Wiki mbili zilizopita, Harshil aliwaandalia wafadhili chakula cha jioni kwenye hoteli moja ya mjini, akawaonyesha filamu fupi ukutani. Loveness akiruka kudaka mipira. Loveness akicheka. Na sauti ya Harshil ikisema kwa upole: mama yake yuko gerezani kwa kusafirisha mirungi, mpira ndio mama yake sasa. Wageni walilia. Waliahidi ukuta wa uwanja na vyoo. Mmoja wao alirekodi kwa simu, na kufikia Jumatatu watoto wa genge la pili walikuwa wanamwita Loveness "Mirungi" akipita na ndoo. Hakuja mazoezini tena.

"Baba," alisema Yuditha, "Harshil alikukosea nini wewe?"

Mzee Gidioni alifikiri. "Amekukosea wewe. Na wewe ni wa nyumba hii."

"Mimi sikuonyeshwa kwenye ukuta wa hoteli. Aliyeonyeshwa ana jina, na hakai Masama."

"Mama," Filemon aliingilia, "mimi ndiye niliyemshauri. Nilimwambia, mtoto wa kike wa Kichagga huwezi kumfuata barabarani. Nenda kwa baba yake. Mlango wa nyumba ni mmoja."

"Mzee Filemon, nakuheshimu sana. Naomba unywe mbege yako."

Mama yake Yuditha alitokea mlangoni na mwiko mkononi, akawatazama wote, akarudi jikoni. Mzee Gidioni alikohoa.

"Usimtukane mgeni. Mimi nimepokea, na nikishapokea, kesi imekwisha. Sipendi huyu kijana akuoe, hilo lijulikane. Nikifa nani atanichinjia mbuzi, yeye hata nyama hali? Lakini kwa hili la kuomba radhi amenishinda. Amefanya kama mtoto wa mtu."

"Kesi si yako, baba, huwezi kuimaliza."

Aliposema hivyo alijua amevuka mpaka, na hakungoja jibu. Aliteremka ngazi, akakatiza kati ya mibuni hadi kwenye mfereji unaopita chini ya kihamba. Nyayo zilimfuata. Alizijua. Zamani nyayo hizo zilikuwa zikimfanya ajipange nywele.

"Yudi."

"Usiniite hivyo."

"Nikuiteje?"

"Usiniite."

Harshil alisimama upande wa pili wa mfereji, maji yakipita kati yao. Alizaliwa Moshi, akasomea Moshi, Kiswahili chake kilikuwa cha stendi na cha dukani, na kwa kawaida kilikuwa kinamchekesha Yuditha. Leo kilikuwa kimemkauka.

"Nimekupigia mara hamsini. Nimekuja shuleni, mlinzi akanifukuza. Ningefanya nini tena?"

"Ungemwendea Loveness."

"Nilifikiri nikikupata wewe kwanza..."

"Sema yote. Ukinipata mimi kwanza, halafu?"

"Halafu tungeenda pamoja."

"Huo ni uongo. Ukishanipata mimi ungesahau kwamba kuna Loveness. Ungeleta vyoo, ungeleta ukuta, ungepiga picha nyingine."

Harshil aliuma mdomo. Alikuwa mtu mpole, na watu wapole wakichokozwa sana husema ukweli vibaya.

"Ndiyo," alisema. "Nilikuja kwa ajili yako. Sikuja kwa ajili ya Loveness. Nakupenda wewe, Yuditha, simpendi Loveness. Wiki mbili sijala chakula cha nyumbani. Mama ameshaniletea picha za binti wa Arusha, anasema ameona nimepumbazwa. Nimegombana na baba yangu. Nimepanda kwenye mlima wenu na jani mkononi kama mwizi wa kahawa, nikapiga magoti mbele ya mtu aliyeapa kunivua viatu. Kwa ajili yako. Kama hilo ni kosa jipya, ongeza kwenye yale ya zamani."

Kama angekuwa mwanamke mwingine, au siku nyingine, maneno hayo yangemmaliza. Na hata leo kitu fulani ndani ya kifua chake kilijigeuza kumwelekea yule mwanaume. Alitaka kuvuka ule mfereji. Alikumbuka mikono yake ikinuka grisi na sabuni ya unga. Hasira ikazidi, maana ni vigumu kumkasirikia vizuri mtu unayemtamani.

"Ulimwomba ruhusa?" aliuliza.

"Ya kumrekodi, ndiyo. Alikubali. Alifurahi."

"Ya kudaka mipira. Ya mama yake ulimwomba?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nilidhani ni jambo linalojulikana. Wewe ndiye uliyeniambia, Yudi. Tulikuwa tumekaa nyuma ya pikapu tunakula mahindi, ukaniambia kama unavyoniambia kila kitu. Hukusema ni siri."

"Ilibidi niseme?"

"Ndiyo. Ilibidi useme."

Yuditha aliyatazama maji. Aliikumbuka jioni ile vizuri mno. Alikuwa na furaha. Alikuwa amejaa mapenzi hadi yanamwagika, na mtu wa namna hiyo hutoa chochote kilicho karibu, chake na kisicho chake. Alimpa Harshil habari za Loveness kama unavyompa mtu punje za mahindi mkononi.

Akalifukuza wazo hilo kama mtu anavyofukuza mbwa wa jirani.

"Chukua funguo zako," alisema. "Tunaenda Pasua."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi. Jani liache hapo mezani, baba yangu alitundike ukutani. Loveness ni mtu wa Kondoa, kwake isale ni chakula cha mbuzi. Utasimama mbele yake mikono mitupu, na akitaka kukataa, atakataa."

Walipopita jikoni, mama yake alikuwa amesimama kwenye kizingiti anafuta mikono na kanga. Sauti zao zilikuwa zimemfikia, kama zilivyofikia vihamba viwili vya jirani. Alimpa Harshil ndizi zilizofungwa kwenye jani la mgomba, maana aliona hakumaliza sahani. Kisha akamshika binti yake kiwiko.

"Ukimpeleka mwenzako kuungama," alisema kwa sauti ya chini, "na wewe beba ya kwako."

Waliteremka wao wawili tu. Filemon waliachana naye barazani, alikataa kuondoka kabla kibuyu hakijaisha.

Saa kumi jioni Pasua Queens walikuwa mazoezini, bila kocha na bila mlinda lango. Ruth, nahodha, mrefu na mwenye sauti ya kuuzia samaki, alikuwa amemweka langoni binti mmoja anayeogopa mpira. Kila shuti lilipita. Pembezoni mwa uwanja, kwenye genge la shangazi yake, Loveness alikuwa amekaa kwenye kigoda anachambua dagaa, mgongo ameupa uwanja. Aliiona pikapu. Aliendelea kuchambua.

Mabinti waliacha mpira. Walisogea mmoja mmoja, wakasimama mbali kidogo, mikono viunoni. Yuditha alizoea kukimbiliwa na timu hii. Leo hakuna aliyekimbia, na akaelewa kwamba wiki mbili hizi walikuwa wamekaa na kuzungumza.

Harshil alichuchumaa ili asimsimamie binti wa watu kichwani.

"Loveness, nimekuja kukuomba msamaha. Nilichukua habari ya nyumbani kwenu nikaitangaza bila kukuuliza. Nilisema nakusaidia, lakini nilitaka watu walie. Nimeifuta ile filamu. Najua iliyo kwenye simu za watu siwezi kuifuta. Nimewarudia wageni wale wote, nimewaambia nilifanya vibaya. Sina kingine."

Loveness alitoa dagaa mmoja, akamkata kichwa, akamtupa kwenye bakuli.

"Nani alikuambia habari za mama?"

Harshil hakumtazama Yuditha. Hata kope hazikucheza.

"Nilisikia tu," alisema. "Mjini. Sikumbuki kwa nani."

Yuditha alisikia uongo ule ukipita masikioni mwake mtamu kama maji ya mlimani. Mwanaume huyu alikuwa amejifunga jiwe la Yuditha shingoni na alikuwa tayari kuzama nalo. Kilichotakiwa ni yeye kunyamaza tu. Angebaki Kocha. Mabinti wangemrudia mmoja mmoja, na Harshil angeendelea kuwa mbaya kwa muda, kisha ingesahaulika, na siku moja yeye Yuditha angemlipa kwa mapenzi. Alimpenda sana dakika ile. Alimpenda kuliko siku zote.

"Ni mimi," alisema.

Ruth aliguna. Shangazi aliyekuwa anapanga nyanya akaacha kupanga.

"Ni mimi niliyemwambia. Uliniambia wewe, nami nikamwambia yeye. Hakusikia mjini."

Loveness alinyanyua uso. Alikuwa na uso mdogo, mkavu, na macho ya mtu aliyeshazoea kupima umbali wa mpira. Alimtazama kocha wake muda mrefu hadi dagaa wakaanza kuvuta nzi.

"Mimi huyu kaka wala simshangai," alisema, akimwonyesha Harshil kwa kidevu. "Yeye alikuja na kamera. Ukiona mtu kaja na kamera unajua kaja kuchukua. Wewe hukuja na kitu. Ulinikalisha pale kwenye tofali siku tumefungwa na Majengo, nikawa nalia, ukaniambia niseme tu, hapa yupo Yuditha peke yake. Sijawahi kumwambia mtu. Hata Ruth. Kumbe hukuwa peke yako. Ulikuwa na bwana."

"Loveness..."

"Sijamaliza. Kila mwezi naenda kumwona mama. Tunapewa dakika chache. Unajua cha kwanza anachoniuliza? Nimefungwa mangapi. Si nimekula nini, si naumwa. Nimefungwa mangapi. Akisikia mabao machache anacheka. Jumapili iliyopita nilimdanganya, nikasema mawili. Sikuweza kumwambia sikucheza. Angeniuliza kwa nini."

Shangazi aligeuka, akajifuta uso kwa upande wa kanga. Yuditha alikuwa analia na hakujua ameanza lini. Hasira aliyoibeba siku kumi na moja, akaipandisha hadi Masama na kuiteremsha tena, ilikuwa imefika kwa mwenyewe, na mwenyewe alikuwa yeye.

"Nisamehe," alisema. "Nilikuahidi nikavunja. Sina sababu."

"Nimekusikia."

"Umenisamehe?"

"Nimesema nimekusikia." Loveness aliinuka, akasuuza mikono kwenye ndoo, akaipangusa kwenye sketi. "Huyu kaka nimemsamehe, mimi hakuniahidi kitu. Aweke vyoo, tunavihitaji, ila picha asipige. Wewe bado. Nitarudi golini leo. Lakini sitaki unifundishe. Wenzangu wakitaka ubaki, nitaondoka mimi."

Yuditha aliwatazama wale wengine. Miaka mitatu. Yupo aliyemtoa kwenye nyumba alimokuwa analala jikoni sakafuni. Yupo aliyemrudisha shule kwa kugombana na baba yake mbele ya mjumbe. Kila mmoja alikuwa na deni la namna hiyo kwake, na kila mmoja alikuwa, alielewa sasa, na siri yake aliyompa akiwa amekaa kwenye tofali lile. Walikuwa wanajiuliza ziko wapi. Hakuna aliyemtetea. Ruth alitazama chini, akachora mchanga kwa kidole cha mguu.

Hasira ilimrudia kidogo, ya kitoto, ya kutaka kuwakumbusha yote aliyowafanyia. Akaimeza. Alifungua mkoba, akatoa filimbi, akampa Ruth.

"Waanzishe na mbio fupi," alisema, "mmekaa wiki mbili bila kukimbia."

"Tunajua, dada," alisema Ruth, bila ubaya.

Alivuka uwanja mzima peke yake hadi upande wa pili, akaketi kwenye nyasi karibu na mstari wa chokaa. Baada ya muda Harshil akaja, akasimama hatua tano mbali.

"Ulidanganya kwa ajili yangu," Yuditha alisema.

"Nilijaribu."

"Usirudie tena maisha yako yote."

"Sitarudia." Alingoja. "Niende nyumbani?"

"Bado nina hasira na wewe."

"Najua."

"Nina hasira na mimi zaidi, ndiyo maana yako inaonekana imepungua. Haijapungua. Kaa. Usiseme kitu."

Akakaa. Mkono wake ulilala kwenye nyasi karibu na wa Yuditha, haukumgusa, na Yuditha hakuuondoa wa kwake.

Ruth akapuliza filimbi. Winga akachomoka kushoto, akampita beki, akapiga chini kwenye kona, na Loveness akaenda chini pamoja na mpira, mwili wote, akautoa kwa ncha za vidole. Wenzake wakapiga kelele. Yuditha alikuwa ameshanyanyuka nusu, jina la yule binti likiwa kwenye ulimi, kabla hajakumbuka. Akalirudisha tumboni.

Mpira uliviringika hadi kwake, ukasimama mguuni pake. Loveness aliufuata mwenyewe, vumbi magotini, anahema. Yuditha akauokota, akamnyooshea kwa mikono miwili. Binti akaupokea. Wakatazamana.

"Rudi nyuma, dada," alisema Loveness. "Umekaa ndani ya uwanja."

Yuditha akatazama chini, akaona kweli mguu wake umevuka chokaa. Akarudi nyuma.